Bakuli Namba Tisa

Kazi yangu ni kuwapikia mbwa wazee. Nikisema hivyo harusini au msibani watu hucheka kwanza, halafu wanauliza kama ni kweli, halafu wanauliza mbwa anazeekaje. Nawajibu yote. Mimi mwenyewe ni mtu wa kuuliza, siwezi kumlaumu mwenzangu kwa ugonjwa ambao ninao. Mama yangu anasema nilipozaliwa sikulia, niliuliza.

Kabla ya mbwa nilipikia watoto wa shule, miaka ishirini na ushee, ugali na maharage, maharage na ugali. Nilipostaafu nikakaa nyumbani wiki mbili. Nikagombana na kuku, nikagombana na jirani, nikagombana na mama kuhusu chumvi, nikaona hapana, hapa nitaua mtu. Kituo cha mbwa kilikuwa kimeshafunguliwa huku Mwankoko, mwisho wa nyumba, mashamba ya alizeti yanapoanzia. Watu wachache walikuwa wamechoka kuona mbwa wanatupwa barabarani na minadani, wakajenga mabanda, wakazungushia senyenge. Nikasikia wanatafuta mpishi. Nilikwenda kuuliza tu mbwa wanapikiwa nini. Nikarudi nyumbani na aproni.

Mbwa wazee wana mabanda yao upande wa nyuma, mbali na wale vijana wanaobweka hata upepo ukipita, na Singida upepo hauishi kupita. Wazee wetu hawabweki ovyo. Wengine hawaoni, wengine miguu ya nyuma imekataa, wengine meno yamebaki mawili matatu. Nilipoingia kazini niliwakuta wanaitwa kwa namba za mabanda. Sikupenda. Majina yao ya nyumbani hatuyajui, na mimi siwezi kumpa mtu mzima jina jipya wakati ana lake, basi nikaanza kuwaita kwa walikotoka: Mzee wa Stendi, Bibi wa Itigi, na wenzao. Asubuhi nikifungua mlango nawaamkia, shikamooni. Daktari wetu alinicheka sana siku ya kwanza. Siku ya tano nikamsikia naye anawaamkia.

Huyo daktari ni wa mifugo, binti wa umri wa mwanangu wa kwanza, anakuja Jumanne na Ijumaa kwa pikipiki yake. Ananiheshimu, ananiita mama, ila kwenye kazi hana mchezo. Ndiye aliyeandika kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa nje wa jiko: CHAKULA KISIWEKWE CHINI. Sababu zake zilikuwa za maana. Chini kuna minyoo, kuna sisimizi, kuna kinyesi cha jana. Kila mbwa awe na bakuli lake lenye namba ya banda lake, lioshwe, lianikwe juani. Wafadhili walileta mabakuli ya stenlesi, mazito, yanang'aa kuliko vyombo ambavyo mama yangu anawatolea wageni wa Idi. Nami niliyasugua kwa majivu mpaka ungeweza kujitazamia meno. Jikoni kwangu chakula hakijawahi kuwekwa chini tangu enzi za shule, kwa hiyo kwenye amri ile mimi nilikuwa askari wake.

Nieleze kwanza habari za Bibi wa Kilimatinde, maana bila yeye nisingeshtuka.

Aliletwa na mtu aliyemkuta amelala mlangoni pa nyumba iliyohamwa, kule juu Kilimatinde. Alikuwa wa rangi ya kahawia, masikio yamechanika kingo, mpole kabisa. Hakula. Tulimpikia, tukambembeleza, hakula. Tukimwekea bakuli anageukia ukutani na kubaki anautazama huo ukuta. Siku ya nane daktari akasema uzee umefika mwisho, tumpumzishe asiteseke zaidi. Nilimshika mimi, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja yangu, wakati sindano inaingia. Kilichobaki kinanisumbua ni kitu kidogo. Asubuhi ile ile, wakati Mzee wa Stendi anakula kwenye banda la jirani, yule bibi alikuwa ametazama ukuta huku mate yanamtiririka. Nikamuuliza daktari. Akaniambia ni kichefuchefu, mama, figo zikichoka mbwa hutokwa na mate hivyo hivyo. Nikakubali, mimi ni mpishi. Tukamzika nyuma ya uzio, karibu na mti wa mgunga.

Mwezi haujaisha akaja Mzee wa Kinyangiri.

Alishushwa getini kwetu na dereva wa fuso aliyekuwa amekwenda kupakia mbuzi mnadani kule Kinyangiri. Alisema mbwa alijilaza chini ya gari, kivulini, akagoma kutoka. Wakauliza ni wa nani. Wakaambiwa ni wa mzee mmoja mfugaji aliyefariki, ng'ombe wamegawanywa kwa watoto, mbwa hakuna aliyemtaka. Dereva aliyasema hayo anacheka. Mimi hayakunichekesha hata kidogo, nikamwambia hebu mshushe taratibu, mgongo unamuuma huyo.

Alikuwa mbwa mkubwa wa mifupa, rangi ya mchanga, mdomo umeshakuwa mweupe wote. Jicho moja lilikuwa na ukungu. Ubavuni alikuwa na kovu refu lisiloota nywele, nami nikatumia karibu saa nzima kujiuliza ni la fisi au la waya. Alitembea polepole bila kunusanusa, akasimama pale nilipomwonyesha. Nikamwambia shikamoo mzee. Akanitazama kwa lile jicho zima, akakaa. Tukampa banda namba tisa.

Mchana nikampelekea ugali laini wa dona uliochanganywa na supu ya vichwa vya kuku. Huku kwetu kuku hawakosekani, na vichwa na miguu yao wauzaji wa sokoni wananiwekea kwenye ndoo. Harufu yake hata mimi ilinitamanisha. Nikaweka bakuli namba tisa mbele yake. Akanyoosha pua hewani mara moja, kwa mbali. Halafu akanyanyuka kwa taabu, akajizungusha, akakaa tena. Alikuwa ameligeuzia bakuli mgongo.

"Anasusa," nikasema. Nikaona si kitu, mgeni ana haki ya kususa siku moja.

Siku ya pili nikampa dagaa. Mgongo. Siku ya tatu maini, nikayakatakata madogo kama ya mtoto anayeota meno. Mgongo. Siku ya nne mayai mawili. Nitasema ukweli, nilianza kumchukia. Unampikia mtu kwa moyo wako wote, unasimama hapo na aproni yako, naye anakuonyesha mkia! Nikamwambia, "Mzee, mimi nimepikia watoto wenye kiburi kuliko wewe, na wote walikula." Nikachukua kipande cha yai kwa vidole nikampelekea mdomoni. Akalaza masikio, akageuza uso, akawa anatazama pembeni kwa aibu, yaani ningekuwa nimemvulia nguo asingeaibika zaidi. Hapo hasira zikaniisha. Mtu anayesusa haoni aibu. Nikaanza kujiuliza anaona aibu ya nini.

Tangu hapo sikulala usingizi wa maana, si kwa huruma peke yake, ni kwa kutaka kujua. Niliacha bakuli saa nzima nikaondoka, nikarudi nikalikuta kama nilivyoliacha, sisimizi ndio wameanza kufaidi. Nikajificha nyuma ya magunia ya pumba nimchungulie, nione kama ataiba. Hakuiba. Nikamtoa atembee kidogo, akapita ndoo ya maji bila kuitazama, akaenda moja kwa moja kwenye kidimbwi cha tope chini ya bomba, akanywa kwa muda mrefu mpaka nikamhurumia. Nikajisemea labda anapenda maji yenye harufu ya udongo. Jamani! Jibu nilikuwa nimelishika mkononi, nikalipangusia kwenye aproni nikaendelea na kazi.

Na mate yalikuwepo. Akiwa ameligeuzia bakuli mgongo, mate yanashuka mpaka kwenye saruji. Siku ya tano nikalala kifudifudi nje ya banda, mtu mzima mimi na kilemba changu kichwani, ili nimwone usoni kwa upande aliogeukia. Nikanyoosha mkono nikaligonga bakuli kwa kijiko. Jicho lake likacheza. Nikagonga tena. Likacheza tena, na ulimi ukatoka ukapita puani. Mimi nimebeba mimba nne, kichefuchefu nakifahamu. Mwenye kichefuchefu akisikia sufuria anatamani kukimbia. Huyu alikuwa na njaa, tena njaa kali, na bado alikuwa amekaa vile vile.

Jumanne daktari alipokuja nikamwambia yote, mpaka la kulala kifudifudi. Hakucheka. Alimfunua midomo, akamtazama fizi, akamvuta ngozi ya shingo kuona kama inarudi, akamwekea dripu. Halafu akavua glovu, akaniita pembeni.

"Mama, habari ni ile ile ya yule wa Kilimatinde. Dripu si chakula. Anakauka huku tunamtazama."

"Lakini ana njaa."

"Njaa anayo. Mwili ndio unakataa. Ukimpenda mnyama usimwache afike mwisho kabisa."

"Nipe mpaka Ijumaa."

Akafikiri. "Ijumaa saa nne asubuhi nakuja. Kama hajala, tunampumzisha. Usije ukanilaumu, mama."

Nikasema sitakulaumu. Alipoondoka nikaenda kukaa na yule mzee. Safari hii sikutaka kukishika kile kichwa. Nilikuwa nimeshamzoea, na tena nilikuwa naona kuna kitu kipo, kipo hapa hapa mbele ya macho yangu, nami sikioni.

Alhamisi jioni likanijia wazo la uwele. Kule Kinyangiri mbwa wa mfugaji amekuzwa na makombo ya ugali wa uwele na mtama, hajui dona ni nini. Kituoni uwele hatuna, nyumbani mama hakosi. Nikalitia bakuli namba tisa kwenye kikapu changu, nimpikie nyumbani asubuhi, nimletee kikiwa cha moto. Hapo nilivunja sheria kubwa kuliko ya ukutani. Nyumbani tunaishi wawili, mimi na mama, naye ana miaka themanini na kidogo na hajawahi kukubali kazi yangu. Nguo za kituoni navulia nje. Mikono nanawa mpaka aridhike yeye. Chombo cha mbwa kuingia nyumbani kwake ni jambo ambalo hata kulitaja ni matusi. Nikakificha kikapu nyuma ya kuni.

Ijumaa alfajiri nikawasha moto uani. Nikasonga ugali wa uwele laini, nikauchanganya na supu, ukanukia. Nilikuwa nimeshaumimina kwenye bakuli natafuta cha kufunikia, mama akatokea na ungo wa mlenda wa kuchambua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hicho kinachong'aa ni nini?"

"Bakuli."

"Zuri. La nani?"

Sijui nilikuwa nawaza nini. Nikasema ukweli. "La mbwa."

"Weee!" Mlenda ukamwagika wote. "La mbwa? Hapa kwangu? Unataka nile wapi, unataka nisali vipi? Toa! Toa nje! Na huyo mbwa ameshatia mdomo humo?"

"Hajatia, mama. Hajatia hata siku moja, hiyo ndiyo shida yenyewe! Wiki nzima tunambembeleza atie mdomo, hataki!"

"Hataki kutia mdomo kwenye chombo?"

"Hataki. Anakaa anakipa mgongo."

"Basi huyo mbwa ana adabu kuliko wewe," mama akasema, akainama kuokota majani yake.

Nikacheka. Halafu neno lake likaniingia, nikakaa pale pale kwenye kigogo.

Nilikuwa na miaka tisa au kumi. Ni uani hapo hapo, ila nyumba ilikuwa ya tembe bado. Mama aliniachia sufuria ya maziwa niiangalie, nami nikaenda kucheza. Niliporudi nikakuta mbwa wetu mweusi ametia mdomo. Nilijua mama akija nitapigwa mimi. Nikachukua mwiko nikampiga mbwa mdomoni, sikumpiga mara moja, nilimpiga mpaka akawa analia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, na pua ikatoka damu. Mama aliporudi akaiosha sufuria mara saba, ya kwanza kwa udongo, akaniambia nimefanya vizuri, ndivyo wanavyofundishwa. Alikuwa anasema kweli. Nyumba zote zilifanya hivyo, na majirani zetu Wakristo vile vile, wao hawakuhesabu tu kuosha. Kwa wafugaji ndiyo kabisa, mbwa anayegusa kibuyu cha maziwa hakai kwenye boma hilo. Na mbwa wetu alielewa. Kuanzia siku ile mpaka anakufa, chombo kikiwekwa karibu naye alikuwa anainuka, anajizungusha, anakipa mgongo. Tulikuwa tunawaonyesha wageni. Chakula chake kilimwagwa kwenye jiwe bapa kando ya zizi, aliyekimwaga akaenda zake, na mbwa akala akiwa peke yake.

"Mama," nikasema, "yule mbwa wetu mweusi."

"Alikuwa mbwa mzuri sana yule."

"Nilimpiga."

"Ulimfundisha," mama akasema. "Haya ondoa hilo bakuli, ukalioshe huko huko kwenu."

Mzee wa Stendi amekulia jalalani, angekula hata kwenye kofia ya polisi. Mbwa wetu karibu wote ni wa mjini, wa namna hiyo hiyo. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kufikiri. Nilifunga kitambaa juu ya bakuli nikatoka mbio, na mbio za mstaafu mnazijua wenyewe ni za namna gani, nikijiambia saa nne bado, saa nne bado, ni saa mbili tu hii.

Pikipiki ya daktari ilikuwa imeshasimama getini.

"Subiri!" Nilipiga kelele kabla sijamwona. "Subiri, subiri!"

Mzee wa Kinyangiri alikuwa amelazwa juu ya gunia safi, nje ya banda. Mguu wa mbele umenyolewa nywele pale mshipa unapopita. Daktari alikuwa amepiga magoti, glovu mikononi, sindano imeshavutwa dawa.

"Mama, tulishakubaliana." Sauti yake ilikuwa ya upole, nikajua ameshajiandaa na mimi. "Nimepigiwa simu Manyoni, ng'ombe wa watu wanakufa, siwezi kungoja saa nne. Mshike kichwa, au kama huwezi nitamshika mwenyewe."

"Hajakataa chakula huyu. Amekataa chombo!"

"Umesemaje?"

"Dakika tano. Nipe dakika tano tu, mwanangu, halafu fanya kazi yako."

Sijui alichokiona usoni kwangu. Akafunika sindano, akakaa kando. Nikatafuta jiwe, na Singida jiwe halitafutwi, lipo. Kulikuwa na moja bapa karibu na ukuta wa jiko, tunakanyaga tukinawa miguu. Nikalimwagia maji, nikapindua bakuli namba tisa juu yake, ugali wote ukatua chini unatoa moshi.

"Mama, unaweka chini," daktari akasema.

"Naweka chini."

Mzee akainua kichwa. Akajikokota akanyanyuka kwenye gunia, hatua moja, ya pili, akafika karibu na jiwe, akasimama. Safari hii hakugeuka. Mwili mzima ulikuwa unamtetemeka, mate yanadondoka, na bado hali. Anatutazama sisi. Ananitazama mimi, anamtazama daktari, anautazama ugali, ananitazama tena. Nilitamani kumpigia magoti. Kula basi, kula, jamani, umebakiwa na nini tena?

"Mama..." daktari akaanza.

Ndipo nikakumbuka ile nusu ya pili. Aliyekimwaga akaenda zake.

"Geuka," nikamwambia.

"Nini?"

"Geuka, mwanangu. Hali akisimamiwa."

Tukageuka wote wawili, daktari na glovu zake na mimi na aproni, tukabaki tumesimama tunautazama ukuta wa jiko. CHAKULA KISIWEKWE CHINI, herufi kubwa nyekundu, kiasi cha hatua mbili kutoka puani kwetu. Upepo ukapita kwenye alizeti. Mbwa vijana wakabweka huko mbele, wakanyamaza. Nikahesabu pumzi zangu. Halafu nyuma yetu ikaanza sauti ya ulimi kwenye jiwe, mara moja, kimya, mara mbili, halafu mfululizo, kwa pupa, na yeye mwenyewe anakoroma kidogo kooni.

Daktari akataka kugeuza shingo. Nikamkamata mkono. "Usithubutu."

Tukasimama pale mpaka sauti ikaisha. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, na aibu sikuwa nayo. Tulipogeuka jiwe lilikuwa safi kuliko nilivyoliosha, na mzee amelala kando yake, kidevu juu ya miguu, anapumua. Nikaenda kukwangua kilichobaki kikapuni, tonge mbili tatu zilizomwagikia kwenye kitambaa wakati nakimbia, nikazikusanya kwenye kibakuli changu cha chai.

Daktari alivua glovu taratibu, kidole kimoja kimoja. Aliimwaga dawa ya kwenye sindano ardhini, mbali na pale. Nilidhani atafurahi. Alikuwa amepauka.

"Yule wa Kilimatinde," akasema.

Nilijua atafika hapo. Mimi nilifika mapema zaidi, nikiwa bado nimekaa kwenye kigogo uani kwa mama, ila nilikuwa na mbio za kukimbia.

"Naye alikuwa anageukia ukutani, mama?"

"Kila siku."

"Na mate."

"Na mate."

Akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake safi ya kazi. "Ningejuaje," akasema. "Niambie, ningejuaje?"

"Wewe usingejua," nikamwambia. "Umekulia mjini kwenye nyumba isiyo na mbwa, ukasomea figo na ini. Aliyekuwa anajua ni mimi. Nilimfundisha mbwa hilo somo kwa mkono wangu na mwiko wa mama yangu, halafu nikasahau. Nimekaa hapa mwezi mzima nawasugulia mabakuli yang'ae."

Baadaye kidogo akasimama, akajipangusa, akampapasa mzee kichwani mara moja, akawasha pikipiki kwenda Manyoni kwa ng'ombe wa watu. Jumanne iliyofuata alikuja na kopo la rangi nyeupe, akayafuta maandishi yake mwenyewe. Juu yake akaandika: MGENI TUJUE KWANZA ALIKUWA ANAKULAJE KWAO. Siku hizi mbwa mzee akiletwa namhoji aliyemleta mpaka anachoka. Alikuwa analala wapi, nani alimpa chakula, kilimwagwa au kiliwekwa, mtu alisimama au aliondoka. Wengine hawajui. Wengine wanadhani nina kichaa. Mawe bapa tunayo manne sasa, yanaoshwa na kuanikwa juani kama mabakuli.

Lakini Ijumaa ile, pikipiki ilipopotea, nilibaki peke yangu na wazee na kile kibakuli cha chai chenye tonge. Nikatoka nacho kwa mlango wa nyuma, nikaenda pale karibu na mgunga. Udongo wa Bibi wa Kilimatinde ulikuwa haujashuka sawa bado. Nikachukua jiwe, nikaliweka juu yake, nikaweka tonge juu ya jiwe. Najua ni upuuzi. Kama mama angeniona angesema nimepotea kabisa. Nikamwambia bibi nisamehe, nilikuwa najua. Halafu nikageuka nikampa mgongo, nikasimama hivyo hivyo, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa.

Nikasikia miguu inakokota kwenye majani makavu, nikatazama nyuma. Mzee wa Kinyangiri alikuwa amenifuata, mlango wa nyuma niliuacha wazi. Akafika kwenye jiwe, akanusa tonge, akarudi nyuma hatua moja. Hakuzigusa. Akaniangalia kwa lile jicho lake zima, anangoja.

"Kula, mzee," nikamwambia. "Mwenyewe hayupo."

Nikageuka tena, ili ale.